Nimekuta minyoo bapa ndani ya ini la ng'ombe na nusu yake tushaila, nifanyeje?

mama_wa_watatu (Wete)

Assalaam alaykum. Jamani nnaomba msaada wenu maana tokea mchana moyo haujatulia. Juzi mume wangu karudi na ini kilo moja na nusu na nyama kilo mbili, bucha lile lile tunalonunua siku zote. Usiku ule nikakaanga nusu ya ini kwa vitunguu na pilipili manga tukala na boflo watu saba, watoto wakagombania mpaka rojo la chini. Nusu nyengine nikaitia frijini. Leo nimeitoa naikata, kisu kikawa kinakwaruza, yani unasikia kabisa kwarr kama ini lina mchanga ndani, nikaangalia vizuri nikaona mirija myeupe minene imekakamaa, nikabonyeza kwa kidole ukatoka mnyoo. Si ule wa duara wanaoupata watoto, huu bapa, rangi ya kijivu inaelekea udongo, na umbo lake jani la muarubaini hasa. Nikabonyeza tena ukatoka mwengine na mwengine, nimehesabu 6 nikaacha mikono inatetemeka.

Mkwe wangu ananambia nisitie watu hofu, ile ni mishipa ya ini na wao wameila tokea wadogo. Mume wangu kasema nitupie paka yaishe. Wifi yangu ana mimba ya miezi 6 na yeye alikula siku ile. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka 4. Nataka kujua tu, tushaingiwa na hiyo minyoo au vipi, na ile nyama kilo mbili bado iko frijini sijaigusa, niitupe? Naomba mwenye kujua kweli ndo anijibu.

kijana_wa_kwerekwe

Waalaykum salaam dada, pole sana. Mie ningekuwa wewe ningetupa vyote, ini na nyama, pesa inatafutwa. Tatizo ni hawa ng'ombe wanaoshushwa na maboti kutoka bara, wa kwetu wa kienyeji hawakuwa na mambo haya. Nunua dawa ya minyoo kila mtu anywe leo leo, na chemsha muarubaini wanywe watoto asubuhi. Na ile nyama hata ukiitia ndimu ikalala usiku kucha itasaidia kuua, lakini bora utupe.

mkaguzi_nyama_chake

Waalaykum salaam mama wa watatu. Kazi yangu mie ni ukaguzi wa nyama, kila alfajiri napasua maini, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa urefu maana umeuliza jambo ambalo watu wengi hulinyamazia.

Ulichokiona ni minyoo ya ini, kitaalamu inaitwa Fasciola, na aina inayopatikana nchi zetu za joto ni Fasciola gigantica, inaweza kufika sentimita 7. Mishipa anayoisema bi mkubwa ipo kweli, ni mirija ya kupitishia nyongo, lakini kwenye ini zima mirija ile ni laini na kisu kinapita kimya. Ukisikia kinakwaruza ujue chokaa imejijenga kwenye kuta za mirija kwa sababu minyoo imeishi humo muda mrefu. Kwa hiyo mkwe wako hakosei kusema wamekula na hawakufa, ila si mishipa.

Sasa la kukutuliza. Mnyoo huu haumuingii mtu kwa kula ini lililopikwa. Safari yake ni nyengine kabisa: mayai yanatoka na kinyesi cha ng'ombe, yakifika kwenye maji yanaanguliwa, mdudu anaingia ndani ya konokono wa maji baridi, anazaana humo, halafu anatoka na kujigandisha kwenye majani na mabua yaliyo majini. Ng'ombe anayakula. Mtu naye anaupata kwa njia hiyo hiyo ya ng'ombe, yani kula mbichi mboga iliyoota majini au kunywa maji ya bondeni yasiyochemshwa. Kachumbari iliyosuuzwa kwa maji ya bonde la mpunga inanitia wasiwasi zaidi kuliko ini lako la juzi, maana lile lilikaangwa.

Kuna jambo moja watu hawalijui na linaleta tafrani spitali. Mtu akila ini lenye minyoo hii, hata likiwa limeiva, yale mayai yanapita tumboni yakatoka na choo. Ukenda kupima choo siku mbili baadae dokta anaweza kuyaona kwenye hadubini akadhani unaumwa, kumbe ni mayai ya mpito tu ya kwenye ini ulilokula. Kwa hiyo usikimbilie kupima wiki hii. Ukitaka kupima kwa sababu yoyote mwambie dokta kuwa ulikula ini la namna hiyo, atakutaka ukae siku kadhaa bila kula ini ndo urudie.

Lile lililobaki usile, si kwa kuwa litakudhuru likiiva, ila ini lililoharibika vile sisi tukilikuta tunalikataa, si chakula cha kumpa mtu. Na wala usimtupie paka. Chimba shimo refu ulifukie.

Lakini mama, kinachonishughulisha mie zaidi ni ile nyama kilo mbili ambayo haikukwaruza kisu. Iangalie kwenye mwanga wa jua. Unatafuta kitu mfano wa punje ya mchele iliyovimba au mbegu ndogo ya tungule, kifuko cheupe chenye maji ndani na nukta nyeupe upande mmoja, kimekaa katikati ya nyuzi za nyama. Mara nyengine kimekufa kikawa kigumu rangi ya manjano. Huyo ndo mtoto wa tegu, ule mnyoo mrefu bapa wa tumboni. Huyu anamuingia mtu kwa kula nyama, na wengi humla bila kumuona kwa sababu vinaweza kuwa viwili vitatu tu katika ng'ombe mzima. Sisi tunapokagua tunapasua mashavu, ulimi na moyo maana huko ndiko anakopenda kukaa, misuli inayofanya kazi bila kupumzika. Nyama ikiwa imepita kwa mkaguzi ina muhuri. Muulize muuza nyama akuonyeshe muhuri kabla hajaanza kukata, hilo ni haki yako na wala si kumvunjia heshima.

kijana_wa_kwerekwe

Shukrani mkuu, kweli nimejifunza. Lakini hilo la ng'ombe wa bara hujalijibu. Na ndimu?

mkaguzi_nyama_chake

Ndimu na papai bichi vinalainisha nyama na kuondosha harufu, lakini kifuko cha tegu kiko ndani ya nyuzi, ndimu haimfikii ikamuua. Kinachomuua ni moto, au baridi kali ya muda mrefu. Nyama yenye vifuko vichache kwa utaratibu wa ukaguzi inagandishwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku zisizopungua 10, ikiwa navyo vingi inatupwa yote. Friji ya nyumbani inayofunguliwa kila saa, na umeme unakatika, usiitegemee kwa kazi hiyo.

Kuhusu bara kaka yangu, tegu asili yake si boti, ni choo chetu sisi binadamu. Mnyoo huyu mkubwa hana pengine pa kukulia isipokuwa kwenye utumbo wa binadamu. Humo anarefuka mita kadhaa, anaweza kupita mita 10, ana pingili baina ya 1,000 na 2,000, na pingili moja inaweza kubeba mayai kufikia laki moja. Pingili zinakatika zinatoka na choo. Mtu akijisaidia porini mayai yanabaki kwenye majani kwa miezi, ng'ombe anakula, mtoto wa tegu anajenga kifuko kwenye nyama, mtu anaila haijaiva, tumerudi pale pale. Ng'ombe hawezi kumuambukiza ng'ombe mwenzake. Ukikuta ng'ombe mmoja ana vifuko, basi kuna mtu alijisaidia mahali ng'ombe yule alipokula.

Na sisi Pemba tujiulize kwa dhati. Msimu wa karafuu watu wanahamia mashamba wiki kwa wiki, familia nzima na wachumaji wa kukodi, vyoo vingapi viko huko? Na chini ya mikarafuu hiyo hiyo ndiko tunakofunga ng'ombe kwa kamba. Mie hili linaniuma kila mwaka kwa sababu ni kitu cha kuchimba shimo tu, mita mbili, na makuti ya kuzungushia.

mfugaji_micheweni

Nakubaliana na mkaguzi, na kuhusu minyoo ya ini mie imenila ng'ombe watatu. Wa kwanza sikujua, alikuwa anakonda tu wakati majani yapo, manyoya yamesimama, asubuhi chini ya taya pamevimba maji yananing'inia kama mfuko, ukipabonyeza kidole kinaacha shimo. Wazee wakanambia kaumwa na nyoka. Tulipomchinja ini lote limekuwa gumu halitamaniki.

Mimi nilikuwa baada ya mavuno ya mpunga nawapeleka bondeni kula mabua, pale ndipo penye wale konokono. Na si yule wa kichocho, dokta wa mifugo alinionyesha ni konokono wengine ingawa wanakaa maji ya namna moja. Siku hizi nawafunga juu, mabua nayakata nayaanika jua kali siku nyingi ndo nawapa, na wanakunywa maji ya kisima kwenye ndoo. Dawa nawapa kwa maelekezo ya dokta wa mifugo, ile ya minyoo ya ini yenyewe, triklabendazo, maana dawa za minyoo za kawaida nyengine haziifikii ile minyoo michanga, yani ambayo haijakomaa.

Na wafugaji wenzangu nawaomba sana jambo hili. Ukishampa ng'ombe dawa kuna siku za kusubiri kabla hajachinjwa, zimeandikwa kwenye chupa. Kuna watu wanamnywesha Jumatatu wanamuuza kwa mchinjaji Ijumaa, dawa bado imo kwenye nyama na sisi tunailisha watoto.

nimepona_alhamdulillah

Mie sipendi kusema haya lakini nasema kwa kuwa naona dada anadhani hatari iko kwenye ini tu. Nilikuwa nakula mishkaki karibu kila usiku, mahali pamoja, yule kijana anachoma vizuri lakini watu ni wengi na moto mkali, kwa nje imeungua kwa ndani ukiuma ni laini ina wekundu na mie ndo nilivyokuwa naipenda. Miezi kama mitatu hivi nikawa nahisi tumbo linanyonga, njaa inakuja vibaya halafu chakula sikitaki. Alfajiri moja naamka kwa sala nikahisi kitu kwenye shuka, kitu cheupe bapa kama kipande cha tambi pana, urefu wa kucha mbili, na kinatembea. Kinajikunja na kujinyoosha. Nilikaa kitandani mpaka jua likatoka.

Nikenda maduka ya dawa mara tatu, kila mmoja ananipa dawa ya minyoo aliyonayo, zinapungua siku chache zinarudi. Aibu ilinizuia kusema ninachokiona hasa. Kosa langu lilikuwa hapo. Mwisho nikakitia kimoja kwenye kichupa chenye maji nikakipeleka spitali, mtaalamu wa maabara alipokiona tu akajua, tegu wa ng'ombe. Nikapewa prazikwanteli, vile vile vidonge vya kichocho ambavyo watoto wetu wanapewa skuli wakipimwa kwa ile fimbo ya urefu. Kiasi chake kwa tegu si sawa na cha kichocho kwa hiyo asijipimie mtu nyumbani. Dozi moja, na tokea siku ile sijaona tena kitu.

Kwa hiyo nyie mnaoona vitu kama hivyo msione haya, kitieni kwenye chupa mwende nacho.

mkunga_wa_unguja

Assalaam alaykum nyote. Nataka kumzungumzia huyo wifi wa miezi 6 maana naona kasahauliwa. Kwa ini lililokaangwa likaiva, minyoo ile haimdhuru yeye wala mtoto, mkaguzi keshasema na ni kweli. Aende kliniki yake kama kawaida, na asinywe dawa yoyote ya minyoo wala majani yaliyochemshwa mpaka aulize kliniki. Kijana wa Kwerekwe najua nia yako njema, lakini muarubaini kwa mjamzito sivyo kabisa, na kwa watoto wadogo pia.

Ila wajawazito wana mdudu wao mwengine wa kuogopa kwenye nyama, na huyo haonekani kwa macho hata ukiipasua nyama vipande elfu. Anaitwa toksoplazima. Anakaa kwenye nyama, hasa ya mbuzi na kondoo, na paka ndiye anayemsambaza. Paka akila nyama mbichi au panya mwenye mdudu huyu, anatoa mayai na kinyesi chake, na mayai yale yanakaa siku moja mpaka tano ndo yanakuwa na nguvu ya kuambukiza. Na mnajua miji yetu ilivyo na paka, wako jikoni, wako sokoni chini ya meza za nyama. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuupata asijue. Mjamzito akiupata mara ya kwanza akiwa na mimba unaweza kumpitia mtoto, mimba ikatoka au mtoto akazaliwa na tatizo la macho au ubongo.

Kwa hiyo mama wa watatu, wifi yako asionje nyama mbichi anapotia chumvi. Hii tabia tunayo sana, mtu anasaga nyama ya kababu anatia viungo halafu anachovya kidole anaonja kama chumvi imekolea, onjeni baada ya kukaanga kidogo. Ubao na kisu cha nyama visikatie tungule za kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Bustanini avae glavu, na mchanga wa paka autoe mtu mwengine kila siku.

mama_wa_watatu (Wete)

Jamani nimesoma yote nikamsomea na mkwe wangu kwa sauti, kanyamaza kidogo akasema kumbe ndo maana ini la zamani lilikuwa likiwashinda kisu. Ini nimelifukia nyuma ya nyumba shimo la kufika kiunoni. Nyama nimeiangalia juani kipande kipande, sijaona kifuko, nimeichemsha saa nzima kabla ya kuiunga mchuzi. Mume wangu kenda kuzungumza na yule muuza nyama bila ya ugomvi, kasema ng'ombe yule alichinjwa shamba usiku, hakukuwa na mkaguzi. Ameahidi hatarudia. Nitatizama muhuri kwa macho yangu.

Bado mawili. Sikukuu ya Mfunguo Tatu sisi tunachinja uani, nani atakagua? Na Jumamosi tuna arusi ya mtoto wa shangazi, nimepewa kazi ya kababu 400.

mkaguzi_nyama_chake

La sikukuu, nendeni kwa sheha wiki mbili kabla mumwambie mtaa wenu mtachinja ng'ombe wangapi, aombe dokta wa mifugo apite. Akikosekana, yule anayechuna apasue mwenyewe mashavu kwa urefu, ulimi upande wa chini, moyo aufungue mpaka ndani, na ini apasue mirija kama ulivyopasua weye. Mapafu na maini yenye vivimbe vya maji, vile mfano wa yai lenye ganda laini, visitolewe sadaka na visitupwe jalalani. Mbwa akila mbichi anaota mnyoo mdogo sana tumboni, mayai yake yakimuingia mtu kwa mikono au maji, kile kivimbe kinamuota mtu kwenye ini au pafu, kinakua pole pole miaka, na mara nyingi kutolewa kwake ni operesheni. Fukia au choma.

Pilau la arusi halinipi wasiwasi, nyama imechemka masaa. Kababu ndo la kuangaliwa. Nyama ya kusaga inachanganya ya nje na ya ndani, kwa hiyo kila kilichokuwemo kimesambaa donge zima. Mwenye kipimajoto afikishe nyuzi 71 katikati. Asiyekuwa nacho, madonge yawe madogo yabonyezwe kidogo yasiwe duara kamili, mafuta yawe ya moto wa wastani, na kila mkupuo vunja moja ulitizame.

mama_wa_watatu (Wete)

Nimerudi kutoka arusini, tumemaliza salama. Donge la kwanza la kababu nimelivunja, nje limeshakuwa kahawia kabisa na katikati bado jekundu, maji yake mekundu. Na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiyatoa miaka yote. Nikatoa kuni mbili chini ya karai, nikayabonyeza kwa kiganja yakawa bapa, la pili likawa na uwaridi mdogo, la tatu nikalivunja kijivu mpaka katikati na maji yake meupe. Basi nikawaita wasichana wote waliokuwa jikoni wakaja kulitizama lile la kwanza na lile la tatu kwenye sahani moja, ndo tukaanza kukaanga.

nimepona_alhamdulillah

Allah akulipe kheri dada. Piga picha ile sahani siku nyengine uiweke hapa, kuna watu wa mishkaki nataka niwaonyeshe.